Mkia wa Shaba

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, Baba alikuwa na kazi tatu ambazo hakuziruka hata siku moja: kupangusa kiti kwa kitambaa, kubonyeza magurudumu kwa dole gumba, na kumtegea binti yake kitendawili.

"Kitendawili!" alisema asubuhi hiyo, mkono mmoja ukiwa bado kwenye gurudumu.

"Tega!" binti alijibu huku akihangaika na mkanda wa helmeti.

"Mgeni wangu huingia ndani kwanza, hodi yake husikika baadaye."

"Paka!"

"Paka alianza lini kubisha hodi? Nipe mji."

"Chukua wowote, Baba, nitachelewa!"

"Mji Wowote hauna hata nyumba ya kulala, lakini haya, nimeupokea." Baba alicheka. "Jibu ni radi. Mwanga huingia kwanza, kisha ngurumo ndiyo ibishe hodi. Anayesubiri hodi ndipo akimbie, keshachelewa. Panda twende."

Binti huyo aliitwa Chiriku, na jina lilimkaa kama gauni lililokatwa na fundi hodari, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika somo la sayansi hakuna aliyemfikia. Mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha, na mara nyingi jibu nalo lilikuwa limekwisha kutoka. Mwalimu wa Sayansi, mama mrefu mwenye miwani, alizoea kumwambia, "Chiriku, sikiliza mpaka nukta, mwanangu. Maneno ya mwisho nayo yana kazi." Chiriku alitabasamu kama aliyesifiwa.

Baba yake alikuwa dereva wa bodaboda. Pale kituoni, abiria wenye haraka walimkimbilia Mshale, kijana mwembamba aliyepita juu ya mashimo kana kwamba hayapo. Waliobeba mayai, watoto wachanga au magoti mabovu walimtafuta baba yake Chiriku, na huyo walimwita Kobe.

Jina hilo halikumuudhi. Kilicholeta maneno mengi ni tabia yake wakati wa dhoruba. Maji hakuyaogopa. Alikuwa na koti refu la mpira, na katika mvua ya kawaida aliendesha polepole huku akiimba. Lakini umeme ukimulika tu, alianza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Ngurumo ikifika kabla hajamaliza thelathini, alikata kona mpaka kwenye nyumba ya karibu yenye kuta na mlango. Mara nyingi ilikuwa ni kwa Mzee Unga, mwenye mashine ya kusaga nafaka, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe mwaka mzima. Hapo Kobe alikaa mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Abiria akinung'unika, alimjibu, "Ndugu yangu, mimi kazi yangu ni kukufikisha. Kukupeleka tu, hata upepo unaweza."

Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Kobe, ingia kwenye gamba, kunanguruma!"

Siku moja kicheko hicho kilihamia shuleni. Ilikuwa siku ya shindano la sayansi, na njiani dhoruba iliwakuta. Baba alihesabu, akafika kumi na mbili, akaingia kwa Mzee Unga. Chiriku alilia, akapiga miguu chini, akasema shindano linaanza. Baba aliangalia mlango tu. Walipofika shuleni, maswali matatu ya kwanza yalikuwa yameshapita, na Chiriku aliingia ukumbini nywele zikiwa zimejaa vumbi la unga.

Mvulana mmoja wa darasa lake, mdogo wake Mshale, walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio aliruka chini ya dawati, akajifunika kichwa kwa daftari, akapaza sauti nyembamba: "Nifiche, Mzee Unga, nifiche! Mbingu inakohoa!"

Ukumbi mzima ulicheka. Hata Mwalimu wa Sayansi aling'ata mdomo. Chiriku alitamani sakafu ipasuke immeze, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwonea aibu baba yake. Tangu siku hiyo alimwomba amshushe pembeni, pale kwenye kona, kabla ya lango la shule. Alisema anataka kunyoosha miguu. Baba hakuuliza. Alisimamisha pikipiki pale konani kila asubuhi, akampokea helmeti, akageuza.

Wiki mbili baadaye Mwalimu wa Sayansi aliwatoa wanafunzi nje, akawapeleka nyuma ya ofisi ya walimu. Aliwaonyesha chuma kilichochongoka juu ya paa, na waya mnene wa shaba uliotoka kwenye chuma hicho, ukashuka ukutani mpaka ardhini.

"Hii ndiyo kinga ya radi," alisema. "Radi inatafuta njia rahisi. Shaba inaipokea kule juu, inaishusha ardhini, na nyumba inabaki salama."

Hapo Chiriku aliacha kusikia. Mwalimu aliendelea kueleza kwamba waya ukikatwa njiani ni hatari kubwa, na kwamba kinga ile ni ya jengo na waliomo ndani ya jengo. Wanafunzi wengine waliandika. Chiriku alikuwa anaangalia shaba inavyong'aa, na kichwani mwake tayari alikuwa ameufunga waya huo kwenye pikipiki. Baba akiwa na kinga yake, atasimama kwa Mzee Unga kufanya nini? Nani atamwita Kobe tena?

Jumamosi wanafunzi wa zamu walikwenda kufagia shule. Chiriku alijitolea kufagia nyuma ya ofisi. Aliona kwamba waya ule uliungwa sehemu mbili kwa vibano vya skrubu, kimoja usawa wa bega lake na kingine karibu na ardhi. Alizungusha skrubu kwa sarafu huku akichungulia kona ya ofisi. Kipande kilichotoka kilikuwa na urefu kama wake mwenyewe. Alikikunja, akakitia kwenye mkoba chini ya sweta.

"Wa juu umebaki," alijiambia. "Radi inaingilia juu, si chini."

Baba alikuwa uani akiosha matope kwenye mnyororo. Chiriku alimtolea waya.

"Nini hiki?"

"Kinga ya radi, Baba. Unaufunga kwenye usukani, unaupitisha chini ya kiti, mwisho wake unaburuta ardhini. Radi ikija inapita kwenye shaba, inaingia chini. Wewe haikugusi."

Baba aliupima uzito mkononi. "Umeutoa wapi?"

"Mwalimu wa Sayansi amenipa."

"Naye ndiye aliyesema unafungwa kwenye pikipiki?"

Swali lilikuja taratibu, na kulikuwa na nafasi kubwa ya kujibu kweli. Chiriku aliiona nafasi hiyo, akairuka.

"Ndiyo, Baba. Mwenyewe."

Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye aliachia shule darasa la nne, na neno la mwalimu kwake lilikuwa kama mhuri. "Mwalimu akisema, mimi ni nani nibishe?" alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, akiangalia mnyororo, "Nami mwanangu, nimechoka kuchekwa. Nilidhani huoni."

Chiriku alishindwa kumtazama. Lakini alimshikia koleo.

Jumatatu Kobe alipofika kituoni na waya ukiburuta nyuma, walimpokea kwa vifijo. "Jamani, Kobe kaota mkia!" Mshale alipiga kelele. "Tazameni, hata kuku wanamkimbia!" Kobe alipangusa kiti, akasubiri abiria. Alhamisi kulikuwa na manyunyu na ngurumo mbili tatu za mbali. Alipita mbele ya mashine ya Mzee Unga bila kusimama, akamshusha abiria mlangoni kwake, akarudi mzima. Kicheko kikakatika.

"Kobe, hebu nieleze vizuri," Mshale alisema. "Nani kakwambia?"

"Mwalimu wa Sayansi. Alimpa binti yangu."

Wiki ile ilipokwisha, Mshale alikuwa amefunga waya kwenye pikipiki yake, na madereva wengine wawili pia, kila mmoja na waya aliouokota anakojua mwenyewe. Redio alikuja darasani akisema, "Chiriku, kaka yangu anasema baba yako ana akili." Chiriku alitembea siku nzima shingo ndefu. Ila akienda kuchota maji bombani, alizunguka mbali asipite nyuma ya ofisi ya walimu.

Jumatano iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mbingu ilibadilika kuwa rangi ya sufuria kuukuu. Upepo ulifunga milango kwa kishindo. Wanafunzi walikuwa darasani wakifanya hesabu za sehemu wakati mwanga mweupe ulipojaa chumba kizima, na mlio ukaja pamoja nao, si mlio wa kunguruma bali wa kupasuka, kama ubao mkubwa unaovunjwa juu ya sikio.

Kisha mtu akapiga yowe kutoka ofisi ya walimu.

Aliyeumia alikuwa Shangazi Chai. Hilo ndilo jina ambalo shule nzima ilimwita mhudumu wa ofisi, mama mnene mpole aliyewachemshia walimu chai na kuwafunga watoto vidonda kwa vitambaa vyake mwenyewe. Alikuwa anafunga dirisha la nyuma. Mkono wake ulikuwa umeshika nondo. Radi ilimtupa mpaka katikati ya chumba, akalala pale hasemi, hatikisiki. Walimu wawili walimhudumia, na baada ya dakika ambazo zilikuwa ndefu kama muhula, alifungua macho. Mkono wa kulia haukumsikia.

Mwalimu wa Sayansi alirudi darasani amelowa na uso umempauka. Ngurumo bado zilikuwa zinapishana.

"Kaeni mbali na madirisha," alisema. "Mtu asiguse chuma. Sasa nisikilizeni. Nimeangalia ukuta kupitia mlango wa nyuma. Radi ilipiga kinga yetu kama ilivyotakiwa, ikashuka mpaka usawa wa dirisha. Hapo haikukuta waya. Ilikuwa njiani, njia ikaisha, ikarukia nondo za dirisha, na Shangazi Chai alikuwa amezishika. Waya haukukatika wenyewe. Umefunguliwa kwa skrubu. Nani?"

Macho ya darasa zima yalimgeukia Redio, kwa mazoea tu.

"Jamani!" Redio alilia. "Yangu ni mengi, lakini hili si langu! Naapa!"

Mtu alicheka kwa woga. Mwalimu hakucheka. "Redio, kama ni wewe, sema sasa."

"Si mimi, Mwalimu!" Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli.

Chiriku alikuwa amekaa nyuma yake. Aliona mabega ya Redio yanavyotetemeka. Ulimi wake, ule usiojua kupumzika, ulikuwa umelala mdomoni kama jiwe. Alitaka kusema, na kila alipotaka, alimwona Shangazi Chai amelala sakafuni, akaona vidole vya wenzake vikimwelekea. Akanyamaza. Ndipo ngurumo nyingine ikapita juu ya paa, na wazo lingine likamchoma kama sindano: Baba yuko barabarani.

"Mwalimu," alisema, na sauti haikuwa yake. "Mtu akifunga waya wa shaba kwenye pikipiki, ukaburuta chini. Radi haitamgusa, sivyo?"

"Nani kasema ujinga huo?" Mwalimu aligeuka. "Pikipiki haina paa wala ukuta. Dereva amekaa juu yake wazi kabisa, mara nyingi yeye ndiye mrefu kuliko vyote barabarani. Hakuna waya wa kumkinga, na mpira wa magurudumu nao haumsaidii kitu. Kinga yake ni moja: kushuka na kuingia ndani ya nyumba. Kwa nini unauliza?"

Chiriku alisimama.

"Ni mimi. Nilichukua waya. Nilimfungia Baba. Nilimwambia... nilimwambia umesema wewe."

Hakuna aliyecheka. Angeshukuru kama wangecheka.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatoa simu. Aliipigia namba ya Baba mara tatu, ikaita mpaka ikakata. Akampigia Mzee Unga. Chiriku aliisikia sauti ya mzee ikitoka kwenye simu kama inatoka ndani ya gunia.

"Kobe? Amepita hapa sasa hivi, peke yake. Nimemwita, 'Ingia, bwana, hali mbaya!' Kanipungia mkono. Kasema, 'Mzee, mimi siku hizi nina kinga ya mwalimu.' Akaenda zake."

Baada ya mashine ya Mzee Unga kulikuwa na uwanda mtupu mpaka daraja. Hakuna nyumba hata moja.

Chiriku alikimbilia mlango. Mwalimu alimdaka mkono. "Ukitoka sasa, nitakuwa na watu wawili wa kutafuta. Keti."

"Baba yangu!"

"Najua. Keti."

Akaketi. Alihesabu kila mwanga, kama baba yake alivyohesabu. Nne. Saba. Tatu. Redio, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu, alimtazama kidogo, kisha akahama dawati, akakaa kando yake. Hakusema neno. Redio, hakusema neno! Aibu ya kukaliwa karibu na mtu aliyemwacha aonekane mwizi mbele ya darasa ilimchoma Chiriku kuliko tusi lolote.

Dhoruba ilipokwenda zake na nusu saa ikapita, gari la shule lilimpeleka Shangazi Chai zahanati. Mwalimu alimwita Chiriku aingie pia, wamtafute Baba njiani, naye Chiriku akapiga magoti kwenye sakafu ya gari kwa sababu hakujiona anastahili kiti. Shangazi Chai alikuwa amejifunga khanga mabegani, akamuuliza, "Nawe umeumia, Chiriku?" Chiriku aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu ukumbini. Kwenye benchi hilo alikaa mtu aliyejaa tope kichwa mpaka mguu, kiatu kimoja hana, mkono wa kushoto ameufunga kwa fulana yake mwenyewe. Ilimchukua Chiriku muda kumtambua.

"Baba!"

"Ah, Chiriku." Baba alitabasamu, meno tu ndiyo yaliyokuwa meupe. "Nipo. Mzigo umefika, ila umebonyea."

Alieleza kwamba radi ilipiga nguzo mbele yake. Hakuisikia. Aliona weupe tu, vinyweleo vya mikono vikasimama, na alipofungua macho alikuwa mtaroni, pikipiki juu ya mguu. Dereva wa lori la mchanga ndiye aliyemwokota. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. "Lakini hiyo kinga imefanya kazi, nadhani," alimwambia Mwalimu. "Bila huo waya wako, Mwalimu, leo mngekuwa mnazungumza mengine. Ahsante."

Ahsante hiyo ndiyo iliyommaliza Chiriku. Alishika ncha ya koti la baba yake.

"Baba, Mwalimu hakunipa. Niliiba ukutani. Na Mwalimu hakusema. Nilisema mimi."

Baba alimtazama. Akamtazama Mwalimu, ambaye alitikisa kichwa taratibu. Tabasamu lilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka.

"Hakusema," alirudia.

"Hakusema, Baba."

Chiriku alisubiri kofi, au kelele, au lolote. Baba aliinama tu, akaangalia mguu wake usio na kiatu. Watu wote njiani alikuwa amewaambia: mwalimu kasema. Chiriku alielewa kwamba sasa baba yake alikuwa anaona aibu, mtu mzima, mbele ya mwalimu, na aibu hiyo yeye ndiye aliyemvalisha.

Ghafla Baba aliinua kichwa. "Mshale!"

"Nini?" Mwalimu aliuliza.

"Mshale amefunga waya. Na wenzake wawili. Wanapita kwenye radi kwa ajili ya neno langu."

"Tutawatumia ujumbe," alisema Mwalimu.

"Neno lililotoka mdomoni lirudishwe na mdomo. Muuguzi, nifunge haraka. Leo leo. Mvua haitangoja bandeji ikauke."

Kwa hiyo jioni ile, jua likiwa limerudi na barabara ikitoa mvuke, watu watatu walishuka kituoni: Kobe mkono shingoni, Mwalimu wa Sayansi, na Chiriku nyuma yao. Madereva waliwazunguka. "Kobe, pole! Umemgonga nani? Au mkia umenasa?"

"Binti yangu ana neno," Baba alisema, akasogea pembeni. Hakumsaidia hata kwa nusu sentensi.

Chiriku alitazama viatu vya madereva. Vilikuwa vingi, vyenye tope, na vyote vilimtazama.

"Shikamooni," alianza.

"Marahaba!"

"Ule waya si kinga. Mwalimu hakusema. Ni mimi niliyesema, na nilisema uongo. Niliona aibu mnavyomcheka Baba. Nikaiba waya wa shule, na leo radi imempiga Shangazi Chai kwa sababu yangu, na Baba ameanguka kwa sababu yangu. Tafadhali fungueni. Tafadhali. Msipite kwenye radi."

Dereva mmoja alipiga mluzi. "Kobe, kumbe umezaa profesa wa uongo!"

Wakacheka. Baba hakukasirika. "Cheka, bwana, cheka," alisema. "Lakini fungua waya huku unacheka."

Mshale hakuwa amecheka. Alichuchumaa nyuma ya pikipiki yake, akaanza kufungua. "Juzi nilipita katikati ya radi na abiria wawili," alisema bila kugeuka. "Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni." Waya ulitoka. Akautupa kana kwamba ni nyoka. "Mwalimu, sasa tufanyeje? Radi ikitukuta njiani?"

"Mfanye alivyokuwa akifanya huyu," Mwalimu alijibu, akimwonyesha Kobe. "Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya thelathini, ingia nyumbani kwa mtu, dukani, au kwenye gari lenye bodi ya chuma, ufunge vioo. Usisimame chini ya mti, wala kwenye kibanda kisicho na kuta. Subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Na ikikukuta uwandani pasipo nyumba, hapo umeshachelewa, lakini iache pikipiki, nenda mbali nayo, mbali na nguzo na miti, uchuchumae miguu ikiwa pamoja, mpaka upate nafasi ya kwenda ndani."

"Kwa hiyo siku zote tulizomcheka Kobe..." Mshale alianza.

"Siku zote mlizomcheka alikuwa sahihi," alisema Mwalimu. "Nami siku ile ya shindano niling'ata mdomo nisicheke, badala ya kuwakemea watoto. Nisamehe, Baba Chiriku."

Kobe alijikuna shingo kwa mkono mzima. "Mimi nina kosa langu," alisema. "Nilijua. Miaka kumi na minane nimeijua njia iliyo salama, nikaiacha kwa sababu nimechoka kuitwa jina. Kicheko cha watu, mwanangu, hakijawahi kuvunja mfupa. Tazama kilichovunja mfupa."

Mkuu wa shule aliamua kwamba Chiriku aseme mbele ya shule nzima, na akasema, maneno yaleyale, safari hii akiangalia nyuso badala ya viatu. Alimwomba Redio msamaha kwa jina. Fundi umeme alikuja na vibano vipya vya kufungwa kwa ufunguo, akaurudisha waya mahali pake, akaupima. Baba hakuendesha kwa wiki saba. Mama, ambaye alikuwa mshonaji, alishona mpaka macho yakavimba ili chungu kisikose kukaa motoni. Kila jioni Chiriku alimwekea nyuzi kwenye sindano, na hakuna aliyemwambia kwamba inatosha.

Kulibaki mtu mmoja ambaye Chiriku hakuwa amethubutu kumwendea. Shangazi Chai alirudi kazini baada ya siku kumi, mkono wa kulia ukiwa bado mzito, vidole vikishika kikombe kama vinashika samaki. Chiriku alisimama mlangoni mwa jiko la walimu wakati wa mapumziko.

"Ingia au toka," Shangazi Chai alisema. "Mlango si wa kuegemea."

Chiriku aliingia. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, na yote yalimkimbia. Aliviona vikombe vichafu kwenye karai, akakunja mikono ya sweta, akaanza kuviosha. Aliosha siku ile, na kesho yake, na juma zima, bila kusema zaidi ya shikamoo. Chiriku kimya! Walimu walichungulia mlangoni kuhakikisha ni yeye.

Siku ya sita alivunjika moyo, akalia juu ya karai, machozi yakidondoka kwenye povu. "Shangazi, naona aibu. Kila nikiutazama mkono wako naona aibu. Sijui kama itaisha."

Shangazi Chai alivuta kigoda, akaketi, akaupumzisha mkono wake mapajani.

"Mimi nilikukasirikia," alisema. "Nilikukasirikia siku nne. Ya tano nikachoka. Sasa sikiliza, na usiniruke kabla sijamaliza. Aibu ni dawa. Ni chungu, na dawa hunywewa kwa kipimo. Asiyeinywa haponi: ataiba tena, atadanganya tena, na watu wataumia. Anayekunywa chupa nzima kwa siku moja naye inamdhuru, akalala kitandani akijilaumu, asimsaidie mtu. Wewe umeshakunywa kijiko chako. Ulikinywa pale kituoni, mbele ya wanaume wazima, na ukakinywa mbele ya shule. Na ile uliyokuwa ukimwonea baba yako haikuwa dawa kamwe, ilikuwa sumu iliyobandikwa jina la dawa. Hiyo mwaga. Umenielewa?"

Chiriku alifungua mdomo, akaufunga, akasubiri kuona kama kuna neno lingine linakuja. Halikuja.

"Nimeelewa, Shangazi."

"Basi futa kamasi, isije ikaingia kwenye vikombe vya walimu. Na hicho cha Mkuu kirudie, kina alama ya chai pale chini."